Doa la Shingoni

Mwanamke aliyekuwa akinifulia nguo za mwanangu aliitwa Bi Doa. Jina hilo alipewa na watoto wa uani kwetu kabla mimi sijahamia, naye hakulikasirikia. Alikuwa akisema, "Daktari wa meno hawamwiti Jino, lakini mimi wameona nafanana na kazi yangu. Haya." Alikuwa amevuka miaka sitini, mfupi, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake, na vidole vilivyokunjamana kama vya mtu aliyetoka majini sasa hivi.

Alifua nguo za watoto wachanga tu. Ukimpelekea shuka au suruali ya mumeo yenye grisi, alikuonyesha mlango wa jirani. Kazi yake hasa ilikuwa madoa ya chakula, yale ambayo mama umeshayasugua mpaka kitambaa kimeota manyoya na doa bado linakutazama. Alikuwa na beseni tatu, kigoda, kijiko kizee kisichokuwa na mpini, chupa ya siki, ndimu zilizokatwa, na kipande cha sabuni alichokikata kwa uzi.

Nilipenda kumtazama akifanya kazi. Kwanza aliinyanyua nguo juani, akaipindua, akainusa. Maziwa na yai aliyaanza kwa maji baridi. "Ukilimwagia maji ya moto umelipika," alisema, "na doa lililopikwa halitoki, linakuwa sehemu ya nguo." Boga na karoti alivikwangua kwa kijiko, akapaka sabuni, kisha akaitandaza nguo ingali na maji, maana jua lenyewe hula ile rangi ya machungwa. Ndizi ndiyo aliyoichukia. Ikiwa haijakauka haionekani, mama anaikunja nguo akidhani ni safi, na baada ya siku mbili inatoka nyeusi kama lami. Na kila doa alilimwagia maji kutoka nyuma ya kitambaa, ili lirudi lilikoingilia.

Mimi ni fundi cherehani. Wakati huo nilikuwa kwenye karakana ya sare za shule, na kazi yangu ilikuwa kola, kutwa kola, shati zima silijui. Nina ukurutu wa mikono, na daktari alishanikataza sabuni ya kufulia, kwa sababu vidole vikichanika siwezi kushika sindano, na nisiposhika sindano nyumbani kwetu hakuliki. Ndiyo maana nguo za mwanangu zilipita kando yangu. Mlezi wake alizifunga chafu kwenye mfuko wa plastiki kila jioni, mimi nikaupitisha mfuko mlangoni kwa Bi Doa nikiwa nimembeba mtoto, na kesho yake nikaletewa nguo zimekunjwa, nyeupe pee. Miezi mitano sikuona hata doa moja la mwanangu. Nilijiona mtu mwenye bahati.

Mtoto huyo nilimpata nikiwa na miaka arobaini na mitatu, nguo zote za kitoto nilishazigawa. Tukamwita Kitinda. Likizo ilipokwisha nilimpeleka kwa mlezi aliyesifiwa mtaa mzima, Mama Utulivu. Alilea watoto kumi na mmoja katika vyumba viwili, na hukusikia kilio. Ukipita pale mchana ungedhani ni nyumba ya wazee. Sisi wazazi tulikuwa tukisimama mlangoni tukinong'ona, "Ana mkono huyu mama." Alikuwa mnene, msafi, mpole wa maneno. Kila jioni aliniambia, "Amekula, amelala, hajanisumbua hata kidogo," nami nikashukuru.

Lakini mimi nina roho ya juu juu tangu utotoni, na macho yangu hayapumziki. Niliona kwamba Kitinda wa Jumatatu mpaka Ijumaa hakuwa yule wa Jumapili. Siku za kazi nilimpokea amelegea, kichwa kimelala begani kwangu kama mfuko wa mchanga, mdomo wazi. Jumapili mchana alirusha miguu, alilia, alitaka kunyonya, alinivuta kitambaa cha kichwani. Kisha Jumatatu jioni akawa tena mfuko wa mchanga. Alitimiza miezi minane hajaweza kukaa.

Nilimweleza mume wangu.

"Mama watoto," alisema, "wale wakubwa walipokuwa hawalali ulilia. Huyu analala unalia. Tukuletee mtoto wa namna gani?"

"Jumapili yuko tofauti."

"Jumapili anaona sura yako kutwa nzima. Hata mimi ningelia."

Alikuwa anatania, hakuwa na ubaya. Kila mtu alinitania. Nilishawahi kumkimbiza binti yangu mkubwa hospitali kwa sababu ya kwikwi iliyokwisha njiani, na hadithi hiyo haikufa.

Nikaomba ruhusa kazini, nikampeleka kliniki. Nesi alimpima, akaangalia kadi, akakunja uso.

"Anakula nini huko anakoshinda?"

"Uji, boga, ndizi."

"Umemwona anavyokula, au umeambiwa?"

Nilimfunga Kitinda mgongoni nikatoka. Njiani nikakumbuka kwamba kuna mtu mmoja anayeona kila siku alichokula mwanangu, na si mimi. Nikaenda moja kwa moja kwa Bi Doa.

"Shangazi," nilimwambia, "wewe unaziona nguo zake kabla hazijawa safi. Mtoto anakula?"

"Anakula. Juzi boga. Jana ndizi, tena iliyoiva kupita kiasi, aliishika kwa mkono wa kulia akajifutia tumboni."

"Na hakuna kitu kingine?"

Alikuwa anakamua fulana. Mikono yake ilisimama, kisha ikaendelea.

"Kitu gani?"

"Sijui, ndiyo maana nakuuliza."

"Mama Kitinda, mimi kazi yangu ni kulitoa doa. Nikianza na kulihoji, nitamaliza lini?"

Nikacheka. Mpaka leo nakichukia kicheko kile. Niliiona mikono yake ikisimama, mimi ninayeona kila kitu, nikacheka na kwenda zangu.

Nitasema na upande wake, maana baadaye watu walimsema vibaya wasijue alikotoka. Bi Doa alifanya kazi miaka ishirini na sita katika chumba cha kufulia cha hospitali ya wazazi. Aliingia akiwa msichana. Mwaka wake wa kwanza, mwenzake waliyekuwa wakishirikiana beseni alikuta kitu kwenye mashuka ya wodi moja, kitu ambacho hakikutakiwa kuwepo, akaenda kumuuliza mkuu wa wodi. Mwisho wa mwezi haukufika. Yule mwenzake alitolewa getini na mfuko wake mkononi, watu wanamtazama. Msimamizi akawakusanya waliobaki akawaambia, "Hapa mnaajiriwa mikono." Bi Doa aliniambia kwamba maneno hayo aliyasikia kila alipofungua bomba, miaka yote ile, hata baada ya kustaafu na kuanza kufua uani kwake. Tena hakuwahi kuzaa. Mjini kwetu mwanamke ambaye hakuzaa akisema neno juu ya mtoto wa mtu, anajua atakachojibiwa.

Mke wa kinyozi wa mtaani kwetu naye alikuwa na binti kwa Mama Utulivu, wa miezi kumi, tuliyemwita Kacheko kwa sababu alimchekea kila aliyepita, hata mbwa. Siku za mwisho hakuwa akicheka sana. Mama yake alisema ni meno.

Kacheko alifia kwa Mama Utulivu siku ya Jumatano, kwenye mkeka, saa za watoto kulala mchana. Alipoamshwa hakuamka. Mama Utulivu alilia mpaka ikabidi ashikwe. Wakasema kifua kilimbana, wakasema mambo hayo hutokea kwa wachanga na hakuna ajuaye sababu. Alizikwa Alhamisi. Mke wa kinyozi alisimama mikono imening'inia, anaangalia huku na huku kama mtu aliyesahau mzigo mahali.

Nilibaki na Kitinda nyumbani Alhamisi na Ijumaa. Msimamizi wa karakana akatuma mtu kuniambia kwamba Jumatatu nisipoonekana, kwenye mashine yangu atakaa mwingine. Sikuwa na pengine pa kumpeleka mtoto. Mama yangu hayupo, binti yangu yuko shule, mume wangu ni dereva wa lori na alikuwa safarini. Na Mama Utulivu, jamani, nani angemlaumu kwa kifo? Nikamwekea Kitinda nguo zake za Jumatatu tayari.

Jumamosi asubuhi Bi Doa alibisha hodi. Zaidi ya kuleta nguo, hakuwa mtu wa kutembelea watu. Alisimama kizingitini na ule mfuko wa plastiki wa Jumatano, umefungwa vilevile.

"Karibu, shangazi. Umeniletea nguo?"

"Hizi sijafua."

Nilidhani anaumwa. Tangu nimjue, hajawahi kurudisha nguo chafu.

"Jumatatu mtoto anarudi kule?" aliuliza.

"Sina pengine."

Akaingia, akaketi kwenye kiti cha mlangoni, akatoa fulana nyeupe ya Kitinda yenye kola ndogo. Kifuani palikuwa na boga, doa pana lililokauka, hilo nililitambua. Akaigeuza. Nyuma ya shingo, upande wa kushoto, ndani ya kola na kushuka kidogo begani, palikuwa na doa jembamba jekundu, jekundu la pinki, limeng'ang'ania kama gundi.

"Nusa."

Nikanusa. Lilikuwa tamu, harufu ya matunda ambayo si tunda lolote.

"Mtoto anayekula amekaa, chakula kinamwagikia kifuani," Bi Doa alisema. Hakuwa akinitazama, alikuwa akiitazama fulana. "Hii imemwagika nyuma ya sikio. Ina maana alikuwa amelala chali, kichwa kimegeuzwa kushoto, amewekewa kijiko mdomoni, na iliyozidi ikateremka shingoni. Ni dawa ya maji, ile ya mafua ya watoto, inayoleta usingizi. Hospitali niliifua sana. Kuitoa ni maji baridi kutoka nyuma, siki, halafu sabuni, na inataka kurudiwa mara tatu."

"Mwanangu hana mafua."

"Najua hana. Nguo ya mtoto mwenye mafua ina kamasi mikononi."

Nikaliangalia tena lile doa.

"Mara ngapi umeliona?"

Akaanza kuikunja fulana.

"Shangazi! Mara ngapi?"

"Tangu alipoanza kuvaa mikono mirefu."

Ilikuwa miezi mitatu. Kila siku ya kazi, kwa miezi mitatu, alilimwagia doa lile maji kutoka nyuma, siki, sabuni, mara tatu, akakunja fulana, akaniletea. Nilitaka kumpiga. Nasema kweli, mkono uliinuka. Kitinda alikuwa sakafuni juu ya kanga, siku ya tatu bila dawa, anarusha miguu na kupiga kelele, na kelele zile ndizo zilizoushusha mkono wangu.

"Kwa nini umekuja leo?"

"Kwa sababu nilifua za Kacheko za siku ya Jumanne," alisema. "Zilikuwa nalo. Kubwa kuliko siku zote."

Siku hiyohiyo, hospitalini, daktari wa zamu aliinusa fulana, akamwita mwenzake, naye akainusa. Walimchunguza Kitinda macho, magoti, utosi. Yule mkubwa akaniambia kwamba siku tatu zimepita, kwenye damu huenda wasikute kitu. "Nguo hii usiifue, mama. Usiilowanishe hata kwa machozi." Wakaitia katika bahasha ya karatasi, wakapiga simu polisi.

Jumatatu asubuhi tulikuwa mlangoni kwa Mama Utulivu, askari wawili, ofisa wa ustawi wa jamii, mimi, Bi Doa, na wazazi waliokuwa wakileta watoto. Ndani walikuta chupa saba za dawa ile chini ya meza, tatu tupu. Mama Utulivu hakutetereka.

"Dawa ya mafua iko katika kila nyumba yenye mtoto," alisema. "Mnataka watoto wa watu wakohoe mpaka wafe?"

Bi Doa akaeleza alichokiona, kwa sauti ndogo, kama anavyoeleza namna ya kutoa ndizi.

"Na wewe ndiye shahidi?" Mama Utulivu akamgeukia. "Wewe tumbo lako halijawahi kubeba hata panya! Unajua nini kuhusu mtoto? Unajua mapovu. Nenda kafue."

Baadhi ya watu waliguna. Mwingine alicheka kwa pua. Ndipo mke wa kinyozi, ambaye hakuna aliyemwona akifika, akapita katikati yetu akasimama mbele ya Bi Doa.

"Za mwanangu ulikuwa unafua wewe."

"Ndiyo, mama."

"Uliliona na kwake?"

"Niliona."

"Ukafanya nini?"



"Nikalitoa."

"Lilitoka?"

"Lilitoka lote."

Mke wa kinyozi aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyepewa jibu la dukani. Kisha akaketi chini palepale vumbini.

Mama Utulivu alipelekwa kituoni na baada ya wiki moja akaachiwa kwa dhamana. Nyumba yake imefungwa, lakini yeye yupo, namwona sokoni akichagua vitunguu. Kesi ya Kitinda ipo kwa sababu ya ile fulana iliyo kwenye bahasha. Imeahirishwa mara nne. Kitinda ana mwaka na miezi minne sasa. Anakaa, anajivuta kwa makalio, hajasema neno. Nikimuuliza daktari kama ni dawa au ni yeye tu, anasema tusubiri. Kwenye mashine yangu alikaa mwingine, nashonea nyumbani.

Kwa Bi Doa watu walikata mguu ndani ya mwezi mmoja. Wengine walisema alinyamaza, kwa hiyo ni mshirika. Wengine, na hawa ndio wengi, walisema anasoma nguo za watu, leo kamsema mlezi, kesho atasema mtoto wa fulani analishwa nini na fulani. Akaonekana mbaya kwa kunyamaza na mbaya kwa kusema. Na mimi? Nilinunua mipira ya mikono nikaanza kufua mwenyewe. Nilijiambia ni kwa sababu niko nyumbani. Si kweli. Sikuweza kuziona nguo safi kutoka mikononi mwake bila kuwaza kilichofuliwa humo.

Halafu, wiki mbili zilizopita, mke wa kinyozi alinipitia. Alikuwa na kikapu. Mpelelezi alimwambia kwamba kwa Kacheko hakuna kesi. Hakupimwa, ameshazikwa, nguo aliyofia nayo haikutunzwa, na hakuna kitu cha kuonyesha kwamba alipewa dawa. Labda kama ingekuwepo nguo kama ile ya Kitinda.

"Nimebeba zote," alisema. "Twende kwake. Sitaki kwenda peke yangu, nitamfanya kitu."

Bi Doa alikuwa ameketi kwenye kigoda, beseni zimefunikwa kifudifudi, kamba tupu juu yake. Aliona kikapu akasimama.

"Angalia," mke wa kinyozi alimwambia. "Wewe una macho. Nitafutie. Hata kidogo, kama kichwa cha pini."

Nguo zilikuwa kumi na moja. Bi Doa aliziinua moja moja juani, akazipindua, akazinusa, kola, bega, nyuma ya mkono. Alikwenda polepole kuliko alivyowahi kwenda. Jasho lilimshuka mpaka kidevuni akalifuta kwa kiwiko, lisidondokee nguo. Zilikuwa nyeupe. Sijaona nguo za mtoto zilizofuliwa vizuri namna ile.

Ilipobaki gauni la Jumanne, lenye kola ya duara, nikakumbuka kazi yangu. Ndani ya kola kuna kitambaa cha pili, kigumu, kinachoshonewa katikati ili isimame. Maji hupita humo, lakini sabuni haifiki vizuri na mkono hausugui.

"Niifumue," nilisema.

Mke wa kinyozi aliitikia. Nilichukua wembe nikafumua mshono, uzi baada ya uzi. Sote watatu tuliinama, vichwa vyetu vikigusana. Nilimsikia Bi Doa akinong'ona, "Baki. Baki, tafadhali," akiliambia doa, yeye aliyeshinda maisha yake yote akifukuza madoa.

Nikafungua kola. Kitambaa cha ndani kilikuwa cheupe. Nikakigeuza. Cheupe. Hata harufu haikuwepo, ila ya jua.

"Niliibana kola nikaisukumia maji na sabuni ndani kwa kidole gumba," Bi Doa alisema. "Huwa nafanya hivyo. Humo ndimo linapojificha."

 Mke wa kinyozi aliniuliza kama ninaweza kuirudisha kola ilivyokuwa. Nikamwambia naweza. Nilikuwa na sindano kwenye upindo wa blauzi, nikashona palepale, kwa mshono mdogo kadiri niwezavyo. Bi Doa alizikunja nyingine kumi, mikono katikati, pindo juu, kama alivyozoea, akazipanga kikapuni. Nilipomaliza nilimpa gauni. Alilikunja nalo, akaliweka juu, akalilainisha kwa kiganja.

Mke wa kinyozi alichukua kikapu chake akaondoka bila kuaga. Nilibaki nimesimama, sijui nimfuate au nikae. Bi Doa alikuwa akiangalia viganja vyake.

Kesho yake nilimpelekea mfuko wa nguo za Kitinda. Aliupokea, akaufungua, akatoa fulana ya juu.

"Mbona hizi hazina kitu?" aliuliza.

"Zina yai. Hapo kifuani."

"Naona yai." Aliipindua kola, akaangalia nyuma ya shingo, akaangalia tena. "Nauliza kwingine."

"Kwingine hakuna."

Akainusa hata hivyo, kisha akanirudishia fulana niiangalie mwenyewe. Hakugusa maji mpaka nilipomaliza.